Kuaga sio kuondoka tu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unauliza "kuaga" ni kuondoka au ni kufa, maana uliandika kwenye grupu la kazini "bosi ameaga" watu wakaanza kutuma pole. Watu wamezoea kulikata, "ameaga dunia" imebaki "ameaga", basi likisikika peke yake mtu anawaza msiba. Waandikie "alikuja kutuaga", hapo hakuna wa kukosea.

Ila mimi naona cha kuuliza ni nani anatakiwa kuaga. Anayeondoka ndiye anayeaga, nimewaambia hivyo toka mko wadogo. Kwaheri ni ya wote, na heri yenyewe tumeipata kwa Waarabu, hata kufariki ni Kiarabu, maana yake kutengana, ndo huko huko ilikotoka farakana. Lakini aga ni la kwetu Wabantu, na humo ndo limetoka agano, kama Agano Jipya, na Waganda nao mkataba wanauita endagaano. Kwa hiyo watu wakiagana wanawekeana ahadi, sio kupungiana mikono tu.

Sasa mjomba wako. Unajua alivyoondoka, alfajiri, shuka kalikunja pembe kwa pembe, chandarua kakifunga fundo juu, ufunguo kauacha kwenye mto, hakuaga mtu. Bibi yako alienda kumwamsha akakuta hivyo. Na toka siku ile mtu akimuulizia mwanawe alijibu "ametoka", sikuwahi kumsikia akisema "ameondoka", maana aliyetoka si anarudi? Miaka yote ile wageni wanakuja wanauliza, yeye "ametoka", na mimi nimekaa pembeni nasikia. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata kuondoka kwenyewe.

Halafu nabishana na nafsi yangu. Angeaga angesema nini? Mama angemuuliza unarudi lini na yeye jibu hana, sasa umuage mama yako kwa ahadi ya uongo? Labda kunyamaza ndo ilikuwa heshima. Lakini hapana, anayeondoka ndiye anayeaga, hata kwa kusema "mama, sijui narudi lini". Hilo tu lingemtosha, namjua mama yangu. Au pengine lisingemtosha, angemshika mkono asimwachie, na mjomba wako alilijua hilo, ndo maana akasubiri tulale.

Sitaki kumhukumu, mdomo unaniwasha lakini sitaki. Alirudi, akamkuta mama bado yu hai, watoto wako wanampenda na mimi akija nampokea kwa furaha kabisa. Ila jambo lile hatujawahi kulizungumza. Wewe anakusikiliza, siku mkikaa wawili muulize taratibu, maana nikianza mimi tutagombana.

Mama yako