Kwa ninyi mnaoanza etasivili: mambo ya Mzee wa mabuku

Juma lililopita mlikuja wanne kuanza kazi hapa etasivili, ofisi inayoandika vizazi, ndoa na vifo, mashati yamepigwa pasi, na mmoja wenu akaniuliza kompyuta iko wapi. Nilicheka, mnisamehe. Nikawaonyesha kabati la mabuku, yaani madaftari makubwa tunamowaandika watu. Sikuwaeleza kwa nini miguu yake minne imesimama ndani ya mikebe ya nyanya yenye mafuta machafu ya gari. Siku ile nilikuwa nimetoka kwenye kilio cha Mzee, mtu aliyeiweka mikebe hiyo, na sauti ilikuwa haitoki vizuri. Leo nawaandikia.

Lubumbashi ni mji wa mchwa. Mnaviona wenyewe vichuguu vinavyoshinda nyumba kwa urefu. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, mchwa akapata njia ya kupanda kabatini, kufikia Noeli vizazi vya mwaka mzima vimekwisha. Mzee alipoteza buku moja hivyo alipokuwa mgeni kazini, na hata uzeeni hakupenda kulitaja. Tangu hapo kila Jumatatu, kabla ya kumsalimia mtu, aliinama kwanza akatazama mikebe. Hiyo ndiyo kazi yenu ya kwanza. Mafuta ombeni kwa mafundi wa magari, huwa wanayamwaga tu.

Yeye aliingia kazi ya leta, yaani ya serikali, mwaka 1966, mwaka ule ule Élisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi. Kwa hiyo alizoea mihuri kubadilika. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, Katanga nayo ikaitwa Shaba. Mwaka 1997 majina yote mawili yakarudi. Kuna karatasi za kati ya 1960 na 1963 pia, za wakati Katanga ilipojitenga. Mtu akiwaletea karatasi yenye kichwa msichokijua, msimfukuze mkidhani ni ya kughushi. Tazameni mwaka kwanza. Kijana mmoja hapa alimrudisha bibi wa miaka sabini mara tatu kwa sababu ya neno "Shaba".

Sasa nije kwenye majina, maana hapo ndipo mtakapoumia.

Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo. Kizazi kizima kiliandikwa bila Jean wala Marie, huku nyumbani na kanisani wakiitwa Jean na Marie. Leo mtu huyo anakuja na karatasi ya ubatizo yenye jina hili, diploma yenye jina lile, na buku letu lenye la tatu. Atawaomba muongeze neno moja tu. Mimi nililiongeza. Ilikuwa 1999, nina mwaka mmoja kazini. Mama mmoja alilia mbele yangu, nikachukua kalamu, nikamwandikia "Marie" pembeni mwa jina lake. Wino wangu ulikuwa wa bluu, wa zamani ulikuwa mweusi.

Baba yake alipofariki, ndugu zake wa kiume hawakutaka apate sehemu ya lopango, yaani kiwanja cha baba. Wakaonyesha ule wino wa bluu, wakasema karatasi nzima ni ya uongo, na hakimu akaiweka kando. Yule mama alizunguka miaka miwili kulipata tena jina ambalo lilikuwa lake tangu mwanzo. Mzee alinisindikiza mahakamani nikaeleze nilichofanya. Njiani hakunigombeza. Tulipokaa kwenye benchi ndipo akasema: "Mama, weye uliona machozi. Zuzi ataona wino mbili." Zuzi ndiye hakimu.

Kosa lililomo ndani ya buku, saini zikishatiwa, hurekebishwa kwa hukumu ya mahakama, kisha hukumu hiyo huandikwa pembeni. Hakuna njia nyingine, hata mtu alie vipi. Mpeni kiti na maji, mwelezeni aende mahakama gani, mwandikieni kwenye kipande cha karatasi asisahau. Huruma yenu iishie hapo.

Mengine ya uandishi ni mafupi. Tarehe kwa maneno, si kwa tarakimu peke yake. Nafasi iliyobaki wazi ipigwe mstari ili mwingine asiijaze. Halafu someni kwa sauti kabla mtu hajatia saini. Buku limeandikwa Kifaransa, lakini Mzee alilisomea watu kwa Kiswahili, polepole, hata foleni ikifika barabarani. Wengine walimwona mzembe. Lakini wakati huo ndipo baba wa mtoto alipomshika mkono: hapana Papa, ni Kabongo, si Kabonga.

Kuhusu pesa sitawadanganya. Najua baadhi yenu ni wale tunaowaita NU, mmeandikishwa ila hamjaingia kwenye orodha ya malipo. Mzee alipita kubaya zaidi. Uporaji wa 1991 ulipokwisha, mshahara haukununua hata gunia la mahindi, na mwaka 1993 zaire milioni tatu, pesa za wakati ule, ziligeuzwa zaire mpya moja. Alilima mahindi upande wa Kasapa, akafika ofisini na tope kwenye viatu. Na alipokea vitu, ndiyo: kuku, unga, mara nyingine noti. Ila alipokea baada ya saini, kamwe si kabla, na asiyekuwa na kitu aliandikwa vilevile. Mimi sikubaliani naye kabisa, maana mtu anayejua utapokea baadaye ameshajiona anadaiwa. Kizazi kinachotangazwa ndani ya siku 90 huandikwa bure. Zamani zilikuwa siku 30, sheria ya 2016 ndiyo iliyoongeza. Zikipita, ni mahakamani tena, na huko masikini hukata tamaa.

Hakuwa malaika. Nilipoolewa alinidai barua ya mume wangu ya kuniruhusu kufanya kazi, kwa kuwa sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke awe na ruhusa. Nilimnunia mwezi mzima. Kipengele hicho nacho kilifutwa 2016, naye akiwa amestaafu, akanipigia simu kunipongeza.

Kuna jambo alilolisema mara moja tu. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Shaba, watu wakalala stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, alibaki ofisini usiku na taa ya mafuta akinakili karatasi za vizazi vya watoto wao. Hakuna aliyemtuma, na siku zile lingeweza kumletea balaa. Watoto wale sasa ni watu wazima. Wanakuja kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai, na nakala zilizochakaa, mwandiko ninaujua, nafungua kabati, na buku lipo.

Karatasi ya kifo chake niliiandika mimi. Kwenye mwaka wa kuzaliwa ikabidi niandike "karibu na 1944", kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa kijijini na hakuandikwa popote. Niliwasomea watoto wake kwa Kiswahili, polepole. Mkubwa wao akanishika mkono: jina la babu nilikuwa nimelikosea herufi. Nikapiga mstari juu ya neno, nikaandika sahihi yake pembeni, na wote tukatia saini.