Maswali ya Wasomaji: Ngitili ya Babu

SWALI: Wahariri, shikamooni. Babu yangu alihudumu Kisiwa cha Saanane enzi za bustani ya wanyama. Baba naye alikuwa askari wa hifadhi Rubondo hadi alipostaafu. Wote wametangulia mbele ya haki. Mimi ni mkulima hapa Magu, na kilichobaki mikononi mwangu ni ngitili, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya malisho na miti, ya ekari nne aliyoiacha babu. Binamu zangu wanataka tuigawane. Isitoshe, imebaki visiki na vichaka. Nifanyeje ibaki kuwa msitu? – Msomaji, Magu.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na wazee. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Rubondo ilipata hadhi hiyo mwaka 1977, sokwe 17 wakiwa wameshafunguliwa kisiwani humo kati ya 1966 na 1969. Hifadhi hizo zina askari na bajeti. Ngitili hiyo haina mlinzi mwingine zaidi yako, kwa hiyo kazi uliyonayo ni ileile ya babu na baba, hata bila magwanda.

Anza na karatasi kabla ya panga. Ngitili nyingi hufa siku ya kugawana urithi: kila mtu akishapata kipande chake, wa kwanza akikata, wa pili naye hasubiri. Itisha kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, na wote watie saini, shangazi na dada wakiwemo. Kisha ombeni kwa halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu familia kumiliki kwa pamoja. Siku ya kuonyesha mipaka, hakikisha majirani wote wapo. Jirani asiyekuwepo ndiye atakayesogeza jiwe baadaye. Mkitaka faini kwa wanaoingiza mifugo, omba kijiji kitunge sheria ndogo: ipite mkutano mkuu wa kijiji, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Bila idhini hiyo, faini mnayotoza haina nguvu.

Sasa visiki. Usiving'oe, kwa sababu mizizi yake iko hai na imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni utautafuta kwa miaka. Kiangazi, chagua katika kila kisiki machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, yaliyotoka chini karibu na udongo. Mengine yote yakate kwa panga kali, karibu kabisa na kisiki. Panga butu huchana gome, na hapo ndipo uozo unapoingia. Katika yale uliyoyaacha, ondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Ukipita hapo yatakuwa membamba na upepo wa ziwani utayalaza. Funga kitambaa chenye rangi ili mchunga na mkata kuni wajue kuwa hayo yanalelewa. Rudia kila baada ya miezi mitatu au minne, maana kisiki hakichoki kuchipua.

Kwa malisho, funga ngitili mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na uifungue Julai au Agosti nyasi zikishakomaa na kudondosha mbegu. Waingie kwanza ndama, ng'ombe wenye kunyonyesha na maksai wa kulimia. Ukifungua Mei kwa huruma ya ng'ombe, nyasi hazijazaa, na baada ya misimu miwili utabaki na udongo mtupu. Afadhali ekari hizo uzigawe mara mbili kwa ua wa minyaa, ufungue upande mmoja kwanza. Kabla ya Juni kwisha, palilia njia ya moto yenye upana wa mita tano kuzunguka mpaka wote, hadi udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa tu zikabaki chini hubeba moto vilevile.

SWALI: Nimeotesha mininga kutokana na mbegu za mti alioupanda baba yetu. Kila kiangazi miche inakauka hadi chini. Mjomba ameanza kuing'oa. Miche ya mvule nayo imejaa vinundu kwenye majani na ncha. – Msomaji, Sengerema.

JIBU: Mwambie mjomba aache leo! Mninga mchanga ndivyo ulivyo: shina hufa kiangazi, mzizi unabaki na kunenepa, mvua zikirudi unachipua tena. Huenda hivyo miaka kadhaa, mpaka mzizi upate nguvu ya kushikilia shina linalovuka kiangazi. Kwangua gome kwa kucha karibu na udongo: ukiona ukijani, mche uko hai. Ukikosa ukijani, chimbua kidogo utazame mzizi kabla ya kukata tamaa. Piga kigingi kando ya kila mche, palilia mduara wa mita moja, na uukinge na moto.

Vinundu vya mvule husababishwa na mdudu mdogo anayetaga kwenye majani machanga. Ncha huoza na mche hudumaa. Hushamiri mivule ikipandwa peke yake, tena juani. Kata ncha zenye vinundu uzichome, na utakapohamishia shambani, ichanganye na miti mingine, mivule michache tu kila sehemu, kwenye kivuli chepesi.

SWALI: Babu na baba walikuwa askari wa wanyamapori. Nimemaliza kidato cha nne. Je, kuna nafasi kwa watoto wa watumishi? – Binti, Ilemela.

JIBU: Hakuna, mwanetu. Kazi hii hairithiwi, ila maarifa ya nyumbani yatakusaidia. Chuo cha Pasiansi kiko hapohapo Ilemela na hufundisha wanyamapori na usimamizi wa sheria. Kwa misitu, kuna Olmotonyi, Arusha. Tazama sifa kwenye tangazo la chuo chenyewe, na anza mazoezi ya kukimbia mapema, kwani mafunzo ya Pasiansi yana ukakamavu wa kijeshi. Mtu akikuomba fedha "akuunganishe" kwa jina la babu yako, usimpe hata shilingi.