Nimefuta nyimbo 300, pleya bado inasema imejaa

SWALI: Habari fundi, nina pleya yangu ya MP3 ya GB 8 nimekaa nayo miaka mingi na naipenda kuliko simu maana haina meseji za kunisumbua. Juzi ilijaa nikaichomeka kwenye kompyuta nikafuta nyimbo kama 300 hivi, nikataka kuweka nyingine ikakataa eti hakuna nafasi!! Nikifungua naona nyimbo chache tu. Nafasi imeenda wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hujasema kompyuta yako ni ya aina gani na jibu linategemea hapo, basi nakupa yote.

Kama ni Mac, wimbo ukiufuta kwenye pleya haufutiki palepale, unahamishiwa kwenye folda ya taka inaitwa .Trashes ambayo iko humohumo ndani ya pleya, na kwa vile jina lake linaanza na nukta huioni kabisa. Yaani umetoa vitu sebuleni ukavisukuma uvunguni, nyumba ni ileile na imejaa vilevile. Chomeka pleya, subiri itokee, alafu ikiwa bado imechomekwa ndo umwage taka. Ukimwaga wakati pleya haipo unamwaga za kompyuta tu, hizo 300 zako zinabaki kama zilivyo.

Kama ni Windows, kufuta kwenye pleya au flashi kwa kawaida ni kufuta kweli, hapo mi nashuku kitu kingine: umewahi kuchomoa waya nyimbo zikiwa bado zinaingia? Wimbo ukikatwa katikati nusu yake inabaki imeshika nafasi bila jina, kwenye folda huioni lakini pleya inahesabu kwamba pale pana kitu. Bofya kulia kwenye pleya, ingia Properties, nenda Tools, bonyeza Check usubiri imalize. Sasa hapa wengi wanaachia njiani: ikirekebisha inaweza kukuachia folda iliyofichwa inaitwa FOUND.000 ina vifaili vya .CHK, ndo yale mabaki yenyewe, na usipovifuta nafasi hairudi. Kama pleya haionyeshi herufi ya diski kama E au F, hiyo Tools hutaiona, basi tafuta kwenye setingi zake za USB uitoe MTP uweke MSC (ni njia mbili za pleya kuongea na kompyuta, MSC ndo inayoifanya ionekane kama flashi), si pleya zote zinayo ila nyingi zinayo.

Yote yakishindikana, fomati, yaani uifute yote ianze upya. Lakini nakuomba sana, hamishia kwanza kila kitu kwenye kompyuta, na ufungue nyimbo mbili tatu uone zinalia kweli kabla hujabonyeza chochote, maana kuna rekodi mtu akizipoteza hazipati tena popote. Ni vizuri ufomati kutoka kwenye menyu ya pleya yenyewe, inajua inachotaka. Ukilazimika kutumia kompyuta itakuuliza mfumo wa kupanga faili, chagua FAT32, pleya nyingi za zamani hazisomi ile mingine ya NTFS wala exFAT.

SWALI: Yangu pia ni GB 8 ila kompyuta inasema 7.4, nimeibiwa?

JIBU: Hapana dada. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu 1,073,741,824. Gawanya bilioni 8 kwa hiyo namba unapata 7.45, na kidogo kinacholiwa juu yake ni cha mfumo wa pleya.

SWALI: Fundi mi yangu ni kinyume, ni ya zamani ya GB 1, nafasi imebaki MB 300 kabisa naziona lakini nikiweka wimbo inasema imejaa. Nimefomati mara mbili ni yaleyale.

JIBU: Hii nimefurahi kuulizwa maana watu wanatupa pleya nzima kwa sababu yake. Pleya za umri huo mara nyingi zimefomatiwa FAT16, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT16 pale juu kabisa, nje ya folda zote, huwa na mistari 512 tu ya kuandikia majina. Utasema mbona nyimbo zangu hazifiki hata 150? Ni majina marefu ndugu. Kila herufi 13 zinakula mstari mmoja, alafu na jina fupi nalo linataka wake, kwahiyo wimbo wenye jina la herufi 40 unakula mistari mitano peke yake, nyimbo mia na kitu tu daftari limeisha hata kama ghala lina nafasi. Tengeneza folda, hata moja kwa kila msanii, uhamishie nyimbo humo, ndani ya folda huo ukomo wa 512 haupo. Hapo hizo MB 300 utazitumia zote, na huna haja ya kufomati tena.