Mume kamwambia wifi anavyotaka kufa, mimi mke kanificha

"Shangazi, mume wangu anaumwa moyo. Juzi nimegundua kaandika karatasi ya jinsi anavyotaka ahudumiwe akizidiwa, hataki mashine, na kampa dada yake aitunze. Miaka 22 ya ndoa leo mimi si mtu! Kila akianza habari za kufa namwambia ashindwe, sasa kosa langu nini? Huyo wifi anatafuta nini kama si nyumba? Tena siku hizi mume analala sebuleni kwenye kiti, kitandani haji. Nimemnunia wiki ya pili."

Pole mwanangu, kuuguza si mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili natafuta kosa la mumeo silioni, la wifi silioni, la kwako lipo katikati ya barua na umeliandika mwenyewe. Kila akianza unamwambia ashindwe. Sasa ulitaka amwambie nani, ukuta? Mtu kapiga hodi kwako mara nne humfungulii, kaenda kwa dada yake kafunguliwa, unanuna. Hajakuficha huyo, ulikataa kuambiwa.

Halafu hicho kiti. Hakukimbii wewe! Moyo ukichoka maji yanajaa kwenye mapafu, mtu akilala chali anakosa pumzi, akikaa anapata nafuu. Mpeleke kwa daktari wake kesho aambiwe hilo, usisubiri siku ya kliniki. Mwenzio anahangaika kupumua wewe unahesabu nani kashika karatasi.

Na nyumba haimo kwenye hiyo karatasi, wosia wa mali ni kitu kingine. Hii ni ya wakati yu hai lakini hawezi kusema, kwamba apumuliwe na mashine au hapana, alishwe kwa mpira wa puani au hapana, moyo ukisimama abonyezwe kifua au aachwe. Kwenye sinema mtu anabonyezwa kidogo anaamka anaomba maji, kwa mgonjwa aliyedhoofika mbavu zinaweza kuvunjika na wengi hawarudi. Lakini kukataa mashine siyo kukataa kutibiwa, dawa ya maumivu atapewa, morfini kidogo inaweza kupunguza hata kule kuhema, ndo kazi ya watu wa tiba shufaa, wale wanaompunguzia mgonjwa mateso hata kama ugonjwa hauponi.

Najua utasema mimi namjua mume wangu. Mwaka 2006 watafiti walijumlisha tafiti kibao za ndugu kubashiri mgonjwa wao angetaka nini, hao ndugu wakapatia kama asilimia 68 tu. Ndoa za siku hizi ndo hizo, mtu anajua namba ya siri ya simu ya mwenzie, anajua nani kampigia saa ngapi, muulize mwenzio anaogopa nini anakodoa macho. Mapenzi yamekuwa ya kupekuana siyo ya kusikilizana, na kifo ndo kabisa tunaona tukikitaja kitakuja, kama vile kisipotajwa hakijui njia.

Mimi marehemu mume wangu hatukuongea. Saa nane usiku daktari kanikuta kwenye korido, mama tumuweke kwenye mashine? Nikasema muwekeni. Alikaa nayo siku kumi na moja na mpaka leo sijui nilijibu la kwake au la kwangu.

Kwa hiyo leo usiku vuta stuli ukae pembeni ya hicho kiti. Usianze na karatasi wala wifi. Muulize kitu gani kinamtisha zaidi, halafu nyamaza, hata akikaa kimya dakika tano we nyamaza tu, ukilia, lia, lakini usiondoke. Muulize angependa awe wapi hali ikibadilika, nyumbani au hospitali, na nani amsemee. Akisema dada yake, meza. Akibadilisha mawazo karatasi inabadilishwa, na nakala aipate daktari wake, mwulizeni hapo mlipo inatambulika vipi maana kila nchi na sheria yake.

Wifi mpigie kesho asubuhi umshukuru. Najua itakukaba kooni, mpigie hivyohivyo.