Kabla hujamjibu asiyeamini kuwa Mungu yupo

Swali lililonifunga mdomo lilikuwa fupi: "Na Mungu je, chanzo chake nini?"

Nilikuwa nimezungumza peke yangu karibu robo saa. Mfanyakazi mwenzangu, mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo, alinisikiliza bila kunikatiza. Nilimwambia kila kitu kina chanzo. Ulimwengu nao ni kitu. Basi ulimwengu una chanzo, na chanzo hicho ni Mungu. Nikaona nimemaliza. Alipouliza swali lake, kwa upole tu, nikaanza kubabaika. Nikasema Mungu ni wa pekee, hapimwi kwa akili zetu. Akanijibu, "Basi si kweli kwamba kila kitu kina chanzo."

Alikuwa sahihi. Usiku ule usingizi ulikuwa wa taabu, maana jambo ninalolipenda kuliko yote nilikuwa nimelitetea kwa maneno ambayo sikuwahi kuyapima hata mara moja.

Pingamizi lake si geni. Mwanafalsafa Bertrand Russell, naye asiyeamini, alilitoa katika mhadhara wake wa mwaka 1927. Lakini nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba watetezi wakubwa wa hoja hii hawakuwahi kuisema kama nilivyoisema mimi. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kila kilichoanza kuwapo kina chanzo. Mwanafalsafa Mkristo William Lane Craig aliifufua hoja hiyo mwaka 1979 kwa namna hiyohiyo. Uzito wote umekaa kwenye neno "kilichoanza". Mungu hakuanza, kwa hiyo swali la nani alimuumba halimgusi. Wala huko si kumpendelea Mungu: wengi waliomkana walisema kwa karne nyingi kuwa ulimwengu wenyewe ni wa milele, na hawakuona haja ya kuutafutia chanzo.

Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alipita njia nyingine kabisa. Yeye aliamini kwa imani kwamba ulimwengu una mwanzo, ila alishikilia kuwa falsafa haiwezi kulithibitisha hilo. Hoja yake inahusu kinachovishikilia vitu sasa hivi. Mimi huieleza kwa taa inayoning'inia kwa mnyororo. Kila pete imeshikwa na pete iliyo juu yake. Ongeza pete elfu, ongeza zisizo na hesabu; kama hakuna dari iliyoshika mnyororo mzima, taa iko chini sakafuni. Niliposema hivyo, mwenzangu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza nijuaje kama ulimwengu ni taa na si dari yenyewe. Ni swali zuri, na ndipo Russell aliposimama mwaka 1948 alipojadiliana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC: kwake ulimwengu upo tu, basi. Unaweza kumwonyesha mtu kwamba anayedai sababu ya kila jambo, kisha akaacha kudai anapofika kwenye jambo kubwa kuliko yote, amelipa gharama. Kumlazimisha asiilipe huwezi. Mwambie hivyo waziwazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchukua karatasi. Andika hoja yako hatua kwa hatua, kila hatua mstari wake, halafu chini kabisa andika inakufikisha wapi. Hoja ya chanzo inakufikisha kwenye Chanzo. Haikufikishi Betlehemu. Nimesikia Wakristo wakiruka kutoka "ulimwengu una chanzo" hadi "kwa hiyo Biblia ni kweli" kwa pumzi moja, na msikilizaji makini huacha kuwaamini hata kwa yale waliyosema sawasawa. Uwe na kiasi na sayansi pia. Georges Lemaître, mwanafizikia wa Ubelgiji aliyetangulia kueleza kuwa ulimwengu ulianza kwa mlipuko, alikuwa padri, na hata yeye hakutaka nadharia yake itumiwe kama ushahidi wa Mwanzo sura ya kwanza.

Ila kilichonifundisha zaidi ni suala la uovu na mateso.

Hapa nilikuja nimejiandaa. Nilijua kwamba J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini, aliandika mwaka 1955 kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote hawezi kuwapo pamoja na uovu, na kwamba mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga alimjibu: huenda hata Mungu hawezi kuumba viumbe walio huru kweli, kisha akahakikisha hawatendi mabaya. Ni jibu imara, na hata baadhi ya wanafalsafa wasioamini wamekubali kuwa linatosha kuondoa madai ya ukinzani. Nikalimwaga lote mezani. Mwenzangu akauliza, "Na mtoto wa miaka minne mwenye saratani ya damu, ni uhuru wa nani huo?"

Swali lake ni ndugu wa lile la mwanafalsafa William Rowe la mwaka 1979, la mwanaswala anayeungua kwenye moto wa msitu na kuteseka kwa siku kadhaa bila mtu kumwona. Nikaanza kufafanua kuwa akili ya binadamu ni finyu, kwamba kutoiona sababu si sawa na sababu kutokuwapo. Akanikatiza kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Ninamzungumzia mpwa wangu."

Sikuwa na la kusema, na laiti ningegundua mapema kwamba sikupaswa kusema. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya katika kitabu kizima. Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu mateso, namuuliza kwanza: ni nani unayemfikiria? Kama ana jina la kutaja, falsafa inasubiri.

Nikifika mahali pa kuitumia, siachi kusema kuwa lile jibu la akili finyu lina makali pande mbili. Ukisema sababu za Mungu zimefichika kabisa, umejinyima pia haki ya kunyooshea kidole machweo mazuri na kusema, "Tazama wema wake." Ndiyo maana sikai hapo muda mrefu. Naenda msalabani, kwa sababu Mkristo hadai tu kuwa Mungu ana sababu. Anadai Mungu mwenyewe alikufa kwa maumivu. Dai hilo halitoki kwenye falsafa. Ni la kihistoria, na linahitaji ushahidi wa aina nyingine.

Huko ndiko tulipo sasa, mimi na mwenzangu. Tunasoma 1 Wakorintho 15, barua ya miaka ya 50 baada ya Kristo, ambamo Paulo anaorodhesha waliomwona Yesu amefufuka na kukiri kwamba kama hakufufuka, imani yetu ni bure. Mstari huo aliupigia kalamu. "Huyu angalau anasema wapi pa kumbana," alisema. Kisha akauliza kwa nini orodha hiyo haiwataji wanawake waliofika kaburini, wakati Injili zinawataja. Nimeomba muda wa kusoma. Tutakutana Alhamisi.