Ngoma Nazisikia Zikishapita

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimehamia mji mgeni, na majira ya kuchipua yameanza. Habari za ngoma, maonyesho na shughuli za mazingira hunifikia zikishapita. Nitazijuaje mapema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na kalenda. Siku ya Dunia ni 22 Aprili, Siku ya Dansi 29 Aprili, na Siku ya Makumbusho 18 Mei, ambapo makumbusho mengi huondoa kiingilio. Wiki chache kabla ya kila tarehe, pita maktaba ukasome ubao wa matangazo. Vikundi vidogo hubandika vikaratasi vyao hapo. Mabango makubwa ya barabarani ni ya wenye fedha, hayo utayaona tu.

Mambo ya mazingira usiyatafute kwa jina la tamasha. Ulizia wanaopanda miti, wanaosafisha mto, wanaohesabu ndege. Hao siku zote wana upungufu wa mikono, basi jitolee na uwaachie namba yako. Anayegawa glavu za kuokotea taka ndiye huyohuyo anayejua nani anacheza ngoma Jumamosi. Mimi nilialikwa kwaya kwa njia hiyo, na sauti yangu ni ya chura.