Maswali ya Wasomaji: Jirani Amejenga Ukuta Kwenye Njia Yetu

SWALI: Mwaka 2014 nilinunua kiwanja huko Goba kutoka kwa mzee aliyekuwa akiuza eneo lake vipande vipande. Changu kiko nyuma, na tulikuwa tukipita pembeni mwa kipande cha mbele, hata gari la maji lilifika mlangoni. Baadaye mzee aliuza kipande hicho cha mbele, na mwaka huu mnunuzi amejenga ukuta na kutuachia upenyo wa kupita kwa miguu tu. Mikataba yetu yote miwili haitaji njia. Mwenyekiti wa mtaa ametukutanisha bila mafanikio. Je, nina haki yoyote?
Msomaji, Goba

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kumshitaki mtu nenda kwanza idara ya ardhi ya manispaa, uulize kama eneo lenu limepimwa au limeingizwa katika urasimishaji, yaani mpango wa kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila kupimwa, kisha uombe kuona ramani. Ikiwa ramani iliyoidhinishwa inaonyesha barabara mahali pale, basi jirani amejenga ndani ya barabara, na kumwondoa huko ni kazi ya manispaa.

Ikiwa ramani haionyeshi njia, hoja yako kubwa ni kwamba viwanja vyote viwili vimetoka kwa muuzaji mmoja. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwenye ardhi kutumia ardhi ya mwenzake kwa jambo mahususi, ikiwamo kupita, na mahakama zetu hutumia pia kanuni kwamba anayegawa ardhi yake na kuuza kipande kisichofikika ila kwa kupitia kipande alichobaki nacho, huhesabiwa kuwa ameuza pamoja na njia. Mzee alipokuuzia mwaka 2014 kipande cha mbele kilikuwa bado chake. Hakuweza baadaye kumuuzia mwingine kile ambacho alikuwa amekwisha kukupa wewe.

Ugumu wa shauri lako uko kwenye ule upenyo. Jirani atadai kwamba hamjakosa njia, bali mmekosa njia ya gari, na dai hilo si la kupuuza, kwa kuwa njia isiyo rahisi haihesabiwi sawa na kukosa njia kabisa. Kwa hiyo nguvu zako zielekeze katika kuthibitisha jinsi njia ilivyotumika siku uliponunua: picha za wakati wa ujenzi, risiti za mchanga na matofali yaliyoletwa kwa lori, mashahidi waliosaini mkataba, na zaidi ya wote mzee mwenyewe, kama yu hai na yuko tayari kusema alichokusudia. Maelezo yake yaandikwe mapema, maana shahidi mzee hangojewi.

Baada ya hapo peleka lalamiko Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu wala halitoi hukumu, na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha watu mbele yake. Usuluhishi ukishindikana utapewa cheti cha kuthibitisha hivyo, cha kwenda nacho ngazi inayofuata. Siku 30 tangu kupeleka lalamiko zikipita bila suluhu unaweza kwenda bila cheti kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako uombe pia zuio la muda ili ujenzi usiendelee, na uliombe baraza lifike kuliona eneo. Usiiunganishe manispaa katika shauri hilo kwa hasira tu: shauri dhidi yake hutanguliwa na notisi ya siku 90 na husikilizwa Mahakama Kuu. Kuubomoa ukuta usiku, kama wengine wanavyoshauriana vijiweni, kutakugeuza mshitakiwa wa jinai.

Kwa maoni yangu, suluhu ya kuzungumza inafaa zaidi hapa, hata kama itabidi umlipe jirani fidia ya ukanda wa mita chache. Makubaliano hayo yaandikwe, yachorewe mchoro, na kama kiwanja chake kina hati yasajiliwe kwa Msajili wa Hati, ili mnunuzi wa kesho asije na ukuta mwingine.

SWALI: Majirani wanapita kwenye kiwanja changu ambacho sijakijenga. Nikianza kujenga, naweza kuwafungia?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ukishahakikisha kwamba ramani haina barabara hapo na kwamba wana njia nyingine ya kutokea, unaweza, kwa sababu ruhusa ya hisani huweza kuondolewa na aliyeitoa. Wape notisi ya maandishi yenye muda wa kutosha, na nakala ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa. Lakini kama wamepita kwa miaka mingi waziwazi, bila kukuomba wewe wala aliyekuuzia, onana na wakili au msaidizi wa kisheria kabla hujamwita fundi, kwa kuwa kupita kwa namna hiyo kunaweza kudaiwa kuwa kumekwisha kuzaa haki.